Chekeche la Mama Limi

Juzi nilipita sokoni, huku ninakoishi sasa, mbali na kwetu, nikakuta mama mmoja anafungua kiroba cha matobolwa. Wa umri wangu mliokulia Usukumani hamhitaji kuelezwa: viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa juani mpaka vikawa vigumu kama vipande vya ubao. Harufu yake sijui niifananishe na nini. Kuna utamu ndani yake, kuna vumbi, kuna moshi kidogo na gunia kidogo. Nilinunua fungu moja, nikatia kipande mdomoni, nikasubiri kilainike, maana matobolwa hayatafunwi kwa pupa. Wakati nasubiri nikamkumbuka Mama Limi, na ule mwaka ambao niliamini kabisa kwamba familia yetu inafilisika kwa sababu ya chekeche lake la unga.

Tulikuwa tunakaa Somanda, mjini Bariadi, vyumba viwili vya kupanga, na jiko la nje la mabati. Baba alikuwa fundi uashi. Kazi ikiwepo alirudi jioni na saruji kwenye nyusi. Isipokuwepo alikaa barazani akinoa vifaa ambavyo tayari vilikuwa vikali. Mama aliuza dagaa sokoni, wale wa ziwani wanaoletwa kutoka upande wa Busega. Hatukuwa watu wa kulala njaa, wala hatukuwa watu wa kubakiza. Kitu kikiingia nyumbani kilikuwa tayari kina pa kwenda.

Mama Limi alikuwa rafiki wa mama. Walijuana kwenye jumuiya ya kanisani, ile inayosali kila wiki nyumba kwa nyumba, na urafiki wao ulikuwa umeshakomaa kabla mimi sijaanza kukumbuka mambo. Kwao walikuwa na nafasi kuliko sisi. Walikuwa na nyumba yao wenyewe, pembeni mwa mji karibu na mashamba, jembe la kukokotwa, redio, na ng'ombe. Kila baada ya siku kadhaa binti yao Limi alituletea maziwa kwenye kidumu, na kidumu kikirudi mama alikiambatanisha na dagaa. Mimi na mdogo wangu Minza tulikua tukijua kwamba maziwa yanatoka kwa Mama Limi kama maji yanavyotoka bombani.

Kisha Baba Limi alianguka kutoka juu ya lori la pamba wakati wa kupakia, akavunjika nyonga. Alikaa hospitali muda mrefu. Ng'ombe wakauzwa, mmoja mmoja, na wa mwisho alikuwa yule tuliyekuwa tunakunywa maziwa yake. Baada ya hapo Mama Limi alipunguza kuja kwetu, halafu akaacha. Kwenye jumuiya alionekana mara chache, na kila zamu ya kusalia kwake ilipokaribia, alitoa udhuru. Mwenyeji wa sala ndiye anayechemsha chai.

Wakati ule sikuyaona haya kwa mpangilio huu. Mtoto huona vipande. Mimi niliona vipande viwili: maziwa yamekatika, na mama ameanza kunituma.

"Kabula, nenda kwa Mama Limi. Mwambie mama anaomba kuazima chekeche, letu limetoboka."

Nilishangaa, maana chekeche ni matundu matupu, sikuelewa tundu la ziada limeonekanaje. Lakini nilikwenda. Mama Limi alilifuta chekeche kwa pembe ya kanga yake, akanipa, akauliza kama mama hajambo. Jioni mama alinituma kulirudisha. Alikuwa ameliweka ndani ya beseni, na juu yake amefunika kitambaa.

"Usifunue njiani. Mwambie wabeja, asante sana, kwa chekeche."

Nilifunua njiani. Chini ya kitambaa chekeche lilikuwa limejaa dagaa.

Siku chache baadaye nikatumwa tena chekeche. Likarudi na unga. Halafu ikawa sindano, ambayo ilirudi imechomekwa kwenye kipande cha sabuni. Halafu ikawa moto: nilikwenda na kopo kuomba makaa mawili yanayowaka, kwa maelezo kwamba kiberiti kimeisha, na jioni nikarudisha shukrani ya makaa, ambayo ilikuwa ni mafuta ya kupikia kwenye chupa ya soda. Kila tulichoazima kilirudi na mzigo.

Mtaani kwetu kulikuwa na mzee aliyekuwa akikodisha baiskeli. Ulichukua, ukaendesha, ukarudisha na malipo. Nilijua biashara hiyo vizuri kwa sababu nilikuwa nikisimama pale kuangalia wenye uwezo wakiendesha. Kwa hiyo haikunichukua muda kuelewa kilichokuwa kinatokea: Mama Limi alikuwa amegeuza vyombo vyake kuwa vya kukodi, na malipo yake ni chakula chetu. Na kama tulikuwa tunakodi mpaka sindano, basi sisi tumekwisha.

Hakuna aliyeniambia nisiulize. Niliona tu kwamba mambo ya namna hiyo watu wazima hawayasemi, nami nikaamua kusaidia kimya kimya. Viatu vya shule vilikuwa vimeachama mbele, sikuviomba vingine. Mezani nilikuwa namega tonge dogo, na Minza akinyoosha mkono mara ya pili kwenye mboga namfinya chini ya meza. Chai niliinywa bila sukari nikasema ndivyo ninavyopenda. Mama aliniangalia siku kadhaa, akamwambia baba mtoto ana minyoo, nikapewa dawa. Nilimeza, nikahuzunika zaidi, nikijua dawa hiyo nayo imenunuliwa.

Mama Limi nilimchukia kwa utulivu. Nilimwamkia kama kawaida, "Shikamoo mama," akaitikia marahaba, nami nikiwa natazama kidole chake kikubwa cha mguu ili nisimtazame usoni. Nilikuwa nashangaa kwamba mtu anayekula dagaa wetu wote hao anazidi kukonda.

Siku moja ya mvua za masika alikuja mwenyewe. Mama alikuwa amempa ujumbe mtoto wa jirani kwamba anaomba chekeche, na Limi hakuwepo nyumbani, basi Mama Limi akaamua kulileta kwa mkono wake. Mvua ilimkuta njiani. Aliingia jikoni kwetu akikimbia, chekeche amelifunika kichwani kama kofia, na yeye na mama wakacheka jinsi walivyokuwa wakicheka zamani. Mama akamsogezea kigoda karibu na moto.

Chekeche letu lilikuwa linaning'inia kwenye msumari ukutani. Siku zote mama alilificha nyuma ya gunia la mkaa, ila asubuhi ile alikuwa amelitumia.

Mama Limi alikausha uso wake kwa kanga. Alipoishusha kanga macho yake yakaenda ukutani.

"Lile la nani?"

"Langu," mama akasema.

"Si lilitoboka?"

Mama alikuwa anasonga ugali. Hakuacha kusonga. "Halikutoboka."

Mvua ilikuwa inapiga mabati, ikabidi wapandishe sauti, ikawa kama wanagombana hata kabla hawajaanza.

"Na siku ile ya moto? Kiberiti hamkuwa nacho?"

"Tulikuwa nacho."

"Sindano?"

"Ninazo."

Mama Limi alimgeukia. "Kwa hiyo ulikuwa unakaa hapa unatafuta uongo wa kunifaa, halafu unamtuma mtoto."

"Ningekuletea waziwazi ungepokea?"

"Nisingepokea."

"Basi," mama akasema.

Mama Limi akasimama. "Mimi nilikuwa nakuletea maziwa, Mama Kabula. Sikuwahi kukuficha kwamba ni maziwa."

Akatoka kwenye mvua ile ile. Chekeche lake akaliacha juu ya kigoda. Mama aliepua ugali, akaupakua, akatuita tule, naye hakula.

Mimi, bado na akili yangu ya baiskeli za kukodi, nilielewa kwamba ukodishaji umevunjika, na tena tumebaki na chekeche la watu. Niliona ni ushindi. Wiki hiyo nikaomba viatu. Mama alinitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayejaribu kukumbuka mimi ni mtoto wa nani.

Ilifuata miezi ambayo Mama Limi hakuja, wala sikutumwa kwake. Kwenye jumuiya wanawake walianza kumsema, kwamba anajisikia, kwamba hata shida haijamshusha. Mama hakuchangia. Jioni moja nilimsikia baba akimwambia, "Si uende ukaongee naye?"

"Nikamwambie nini? Aliyosema ni kweli."

"Na wewe ulichofanya si kweli?"

"Nacho ni kweli," mama akasema. "Ndiyo maana sijui niende na neno gani."

Shule zilipofungwa, pamba ikiwa imeshavunwa, Limi alikuja kwetu. Alikuwa mkubwa kwangu kidogo, msichana wa maneno machache. Alisimama mlangoni, akapiga goti.

"Shikamoo mama. Mama amesema anaomba kumwazima Kabula. Kuna pamba ya kuchambua."

Mama alikuwa ameinama akipepeta dagaa kwenye ungo. Akanyooka. "Anamwazima mpaka lini?"

"Amesema atamrudisha mwenyewe."

Mama akageukia ukutani, mabega yakawa yanatikisika. Nilidhani analia. Aligeuka nikaona machozi kweli, ila alikuwa anacheka, na akaendelea kucheka wakati ananifungia nguo kwenye kitambaa. Mimi sikuona cha kuchekesha. Nilikuwa nimesikia kwamba kuna watu huweka rehani redio au baiskeli yao. Niliona sasa zamu imefika kwa watoto.

Kwa Mama Limi tulikaa barazani mimi na Limi kuanzia asubuhi, rundo la pamba mbele yetu, tukitenganisha pamba safi na ile fifi yenye madoa na takataka. Kazi yenyewe ni laini, ila vidole hukauka na pua hujaa manyoya. Nyumba niliyoijua ya jembe na redio ilikuwa imebaki na kuta. Mahali pa jembe palikuwa na alama tu kwenye udongo. Tulikula ugali wa mtama na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, mchana na jioni. Baba Limi alikuwa chumba cha ndani. Pazia la mlango wake halikufunguliwa mgeni akiwepo. Mimi nilimjua kwa kikohozi chake na kwa ncha ya gongo iliyotokeza chini ya pazia.

Siku ya kwanza nilikula matonge machache nikanawa. Siku ya pili vivyo hivyo. Mama Limi akaniuliza, "Mbona huli, ng'wana wane, mwanangu? Chakula cha hapa hukipendi?"

"Nakipenda."

"Sasa?"

Nilikuwa nimeshachoka kubeba peke yangu. "Sisi hatuna cha kulipa tena," nikasema. "Dagaa wote tulishakuletea."

"Kulipa nini?"

"Chekeche. Na sindano. Na moto."

Limi alitazama chini. Mama Limi alinikodolea macho, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika nguzo ya baraza, na sauti ya Baba Limi ikatoka ndani ikiuliza kuna nini. "Huyu mtoto," akamjibu kwa shida, "alidhani nakodisha chekeche!" Ndani nako kukasikika kicheko kilichoishia kwenye kikohozi.

Halafu kicheko chake kikakatika. Akaja akakaa karibu yangu, akachukua pamba mkononi akawa anaichambua bila kuiangalia.

"Mama yako alikuwa ananipa, Kabula. Alijua nikiona ananipa nitakataa, akakufanya wewe uonekane unarudisha vyombo." Akatoa jani kavu kwenye pamba, akalitupa. "Mimi nilizoea kuwa mtoaji. Sasa nikipewa naona kama nimevuliwa nguo mbele za watu."

"Na dagaa ulikula?"

"Tulikula. Na bibi wa nyumba ile pale," akaelekeza kwa kidevu kwenye kibanda cha jirani, "alikula. Hana mtu. Sasa kula na wewe."

Nilikula. Nakumbuka kwamba sikufurahi, wala sikuona aibu. Nilijihisi mtupu kidogo, kama mtu aliyelinda mlango usiku kucha akaambiwa asubuhi kwamba hakukuwa na mwizi. Pia nilikasirika kuhusu viatu.

Pamba ilipokwisha kuchambuliwa Mama Limi alinirudisha mwenyewe, kama alivyosema. Alikuwa na furushi la matobolwa kichwani, nami namfuata na nguo zangu. Mama alikuwa jikoni.

"Mwadila," Mama Limi akasalimia.

"Mwadila," mama akaitikia, naye akasimama.

"Nimekurudishia mtoto wako. Na haya ni matobolwa. Hayajafunikwa na kitu."

Mama alipokea furushi kwa mikono miwili, akalishusha. Hawakukumbatiana wala kuombana radhi. Mama Limi alikaa kwenye kigoda kilekile na kuomba maji ya kunywa. Alipomaliza akasema, akiwa anaangalia ndani ya kikombe:

"Alhamisi jumuiya isalie kwangu. Sitoi udhuru tena. Ila sukari sina, na vikombe tuliuza."

"Kila mtu ana kikombe kwake," mama akasema.

"Nitachemsha mchaichai mtupu."

"Chemsha."

Alhamisi hiyo tulikwenda wote, na kila mwanamke alikuwa na kikombe chake mkononi, cha bati, cha plastiki, mmoja amekuja na bilauri ya arusi yake. Mama alikuwa amepita nyumba kwa nyumba kuwaambia, bila kuongeza maelezo. Tulikaa barazani na kwenye mikeka uani. Walisali, wakaimba. Wakati wa mchaichai, wale waliokuwa wakisema kwamba Mama Limi anajisikia walikunywa na kuomba waongezewe, na sinia la matobolwa likawa linazunguka.

Ndipo pazia la ndani likafunguka. Baba Limi akatoka, gongo kwapani, amevaa shati lililokuwa bado na mistari ya kukunjwa. Alikuwa mrefu kuliko nilivyokuwa nikimfikiria kwa kikohozi chake. Alijikongoja mpaka mlangoni akasimama, kifua kikipanda na kushuka, na watu wote wakamgeukia. Tangu atoke hospitali hakuna aliyekuwa amemwona.

"Mwadila," akasema.

Wakaitikia wote kwa pamoja, kwa nguvu kuliko walivyoimba. Baba yangu akanyanyuka akampisha kiti. Mama Limi alikuwa ameshika birika. Alilishikilia hivyo hivyo hewani, bila kummiminia mtu, mpaka mumewe alipokaa.

Miaka iliyofuata nyonga ya Baba Limi haikupona kabisa. Walihamia Mwamanyili, upande wa Busega, kwa kaka yake, ambako kulikuwa na shamba la mpunga la kulima pamoja. Mama na Mama Limi walipata simu ndogo za vitufe, na kwa kuwa hakuna kati yao aliyekuwa na uwezo wa kununua vocha mara kwa mara, walikuwa wanabipiana. Kila jioni baada ya chakula simu ya mama iliita mara moja ikakata. Mama alifuta mikono, akabipu naye, akairudisha simu dirishani. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao yote, na yaliendelea mpaka mimi nikamaliza shule, nikapata kazi, nikahama.

Mama alipolazwa kwa presha nilirudi Bariadi kumuuguza. Simu yake nilikuwa nayo mimi. Jioni ya kwanza ikaita mara moja, ikakata. Nilikuwa nimeitia salio la kutosha, nikaona si haki mtu aliyebipu miaka yote hiyo asiongee na mtu. Nikampigia.

"Nani amekufa?" Mama Limi akauliza kabla sijasema neno.

"Shikamoo mama. Ni Kabula. Hakuna aliyekufa."

"Sasa kwa nini umepiga?"

Nikamweleza kwamba mama yupo wodini, presha ilipanda, daktari anasema anaendelea vizuri, asiwe na wasiwasi.

"Haya. Kata, usimalize hela," akasema, na akakata yeye.

Kesho yake nilikuwa bado namfuta mama uso kwa kitambaa cha maji nilipomwona mlangoni mwa wodi, na vumbi la gari la kwanza bado liko kwenye kanga yake. Alikuwa amezeeka. Alinipa mkono, akavua ndala zake akaziweka chini ya kitanda, akakaa upande wa miguuni. Hakumuuliza mama anajisikiaje. Alifunua shuka kidogo, akaichukua miguu yake akaiweka mapajani, akaanza kuikanda taratibu, kuanzia vidoleni.

"Kumbe umekuja," mama akasema.

"Nimekuja."

Tangu alazwe mama alikuwa halali vizuri. Alikuwa anashtuka kila mlango ukigongwa. Muuguzi aliingia na kigari chake cha dawa, magurudumu yakipiga kelele sakafuni, akafika kitandani kwetu akasimama, akatutazama, akashusha sauti kuuliza kama arudi baadaye. Mama alikuwa amelala.